Skrubu Ndogo Chini ya Shokapu

Tarehe 11 Desemba 1934, wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliwasha pikipiki yao jijini London wakashika njia ya kusini. Ilikuwa Panther ya cc 600, ubavuni imefungwa kigari cha abiria na nyuma inavuta tela la mizigo. Dira hawakuwa nayo. Walivuka Sahara, wakakwama Agadez mpaka injini ikafunguliwa na kufungwa upya, wakapenya Kongo, wakapita Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town.

Aliyewahi kupanda pikipiki kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vilivyofuatana, ile inayogonganisha meno, atajiuliza mikono yao ilisalimikaje. Foki ya Panther ilikuwa ya mtindo wa siku zile: fremu nyembamba ya mabomba iliyoshika tairi la mbele, ikibembea juu ya vyuma vifupi, na springi moja nene katikati. Springi ina tabia yake. Ikibonyea hutaka kuruka, ikisharuka hutaka kubonyea tena, kama godoro la springi lililovamiwa na watoto. Cha kuituliza kilikuwa visahani vilivyobanwa ubavuni, vikisuguana, na nati kubwa ambayo mwendeshaji aliikaza kwa mkono. Njia ikiharibika, unakaza. Ikinyooka, unalegeza. Mvua ikilowesha visahani vikaanza kuteleza, unamwachia Mungu.

Ndani ya foki hiyo hapakuwa na oili hata tone.

Mwaka uleule wa 1935, Panther ikiwa bado inahangaika na vumbi la Afrika, kiwanda cha BMW cha Ujerumani kiliwatolea wateja pikipiki mpya iitwayo R12. Nyuma ilikuwa ya kizamani kabisa: tairi limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na mpandaji anategemea springi za kiti. Maajabu yalikuwa mbele. Kila upande wa tairi kulikuwa na bomba linaloteleza ndani ya bomba, springi ndani yake, na oili ya kuituliza springi hiyo. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimewahi kuuza pikipiki ya namna hiyo. Leo ukisimama kijiwe chochote cha bodaboda, kuanzia Bujumbura hadi Mombasa, mabomba yale mawili yanakutazama kutoka kila pikipiki. Mafundi wa Tanzania huyaita shokapu za mbele.

Historia ya oili iliyomo humo ina jambo moja la kushangaza. Ilipoanza ilijivuniwa, ikaandikwa hata kwenye majina ya pikipiki. Siku hizi ndiyo oili iliyosahauliwa kuliko zote, na wapo wenye pikipiki wasiojua kwamba ipo.

Bomba ndani ya bomba peke yake halikuwa jambo jipya mwaka 1935. Alfred Angas Scott, mhandisi wa Yorkshire aliyependa kufanya mambo kinyume na wenzake, alikwisha kuziwekea pikipiki zake foki ya kuteleza tangu 1908, na Wadenmark wa kiwanda cha Nimbus waliitoa ya kwao mwaka 1934. Kilichokosekana kote huko ni oili ya kutuliza. Nayo oili ilikuwa na ujana wake mahali pengine, tena pabaya: kwenye mizinga. Kabla ya mwisho wa karne ya 19, mzinga ukipigwa uliruka nyuma wote mzima na magurudumu yake, na askari walilazimika kuurudisha na kuulenga upya. Mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, uliotolewa mwaka 1897, ulikuwa na silinda yenye oili chini ya mtutu. Mtutu ulirudi nyuma peke yake, oili ikaumeza mshtuko, hewa iliyobanwa ikaurudisha mahali pake, na magurudumu hayakuondoka. Ukaweza kupiga mara 15 na zaidi kwa dakika moja. Baada ya hapo kanuni hiyo iliingia kwenye miguu ya ndege, na BMW yenyewe ilianza maisha kama kiwanda cha injini za ndege kabla ya kuunda pikipiki yake ya kwanza mwaka 1923.

Kanuni yenyewe haihitaji chuo. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ulisukume taratibu: maji yanatoka bila ubishi. Lisukume kwa nguvu na haraka, litakukatalia. Tundu ni lilelile, maji ni yaleyale, lakini kadiri unavyoharakisha ndivyo yanavyopinga. Ndani ya shokapu kuna fimbo yenye vitundu, na oili inalazimishwa kupita humo kila tairi linapopanda na kushuka. Springi inapokea uzito, oili inaizuia isirukeruke, na nguvu ya shimo la barabarani inageuka joto dogo linalopotelea hewani. Tofauti na nati ya Panther, hapa mwendeshaji hakazi wala halegezi kitu. Oili inajipimia yenyewe: tuta likipandwa polepole inapisha, shimo likigongwa kwa kasi inashupaa.

Kisha vita ikaja. Mwaka 1941 Matchless, kiwanda cha Plumstead, London, kililipatia jeshi la Uingereza pikipiki ya cc 350 iitwayo G3/L, yenye foki iliyofuata njia ileile ya BMW. Foki hiyo waliipa jina Teledraulic, neno walilolishona wenyewe kutokana na mabomba yanayoingiliana na oili inayotuliza. Wapeleka ujumbe wa jeshi waliipenda. Ukihesabu pamoja na ndugu yake wa foki ya zamani, pikipiki takribani 80,000 za ukoo huo ziliundwa wakati wa vita. Theresa Wallach naye alikuwa jeshini miaka hiyo, akitengeneza pikipiki na kupeleka ujumbe.

Amani iliporudi, majina yalizidi kupambwa. Norton walitoa foki wakaiita Roadholder, yaani mshika barabara. Vincent, ambao waliona foki ya mabomba mawili inapindika kirahisi mno, walibaki na mtindo wa fremu lakini wakautia kitulizi cha oili, na mwaka 1948 wakaja na jina Girdraulic. Mwaka 1949 Harley-Davidson wa Marekani nao waliipokea foki ya oili, na pikipiki nzima ikabatizwa Hydra-Glide, ile inayoelea kwa majimaji. Majina matatu kati ya hayo yalimtangazia mnunuzi kwamba ndani mna oili. Ni kama leo mtu aandike ubavuni mwa tangi neno intaneti.

Mwenye kuanzisha jambo si lazima awe mwenye kulipenda. BMW waliotangulia wote waliitupa foki hiyo mwaka 1955. Mahali pake waliweka foki iliyobuniwa na Mwingereza Ernest Earles, yenye mikono inayobembea na shokapu mbili za nje zilizozibwa kiwandani, ambazo mwenyewe hamwagi wala haongezi kitu. Wakakaa nayo mpaka 1969, wakarudi kwenye mabomba mawili, na mwaka 1993 wakayatelekeza tena kwa pikipiki zao kubwa, wakaja na mfumo wa Telelever ambao mabomba yake huelekeza tairi tu na kazi ya kutuliza hufanywa na shokapu nyingine. Mara mbili walichoka na mtoto wao. Dunia iliyobaki haikuchoka, kwa sababu moja ambayo haina uhusiano na starehe: foki ya mabomba mawili ni rahisi kuunda na kufungua, na bei yake ni ndogo.

Urahisi wa kuifungua ndio ulioleta skrubu.

Pembeni mwa kila shokapu, chini kabisa karibu na ekseli, pikipiki nyingi za miaka ya 1950 hadi 1980 zilikuwa na skrubu ndogo yenye washa. Ilikuwa mlango wa kumwagia oili. Mwenye pikipiki alihitaji bisibisi au spana ndogo, kopo na nusu saa. Anafungua kizibo cha juu kwa uangalifu, maana chini yake springi imebanwa na inaweza kukirusha hadi usoni. Anafungua skrubu ya chini, kopo likiwa tayari. Anashika breki ya mbele na kuibonyeza pikipiki mara kadhaa, oili inaruka kama maziwa ya ng'ombe aliyekubali kukamuliwa. Akiona imekauka anafunga, anamimina mpya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, anarudia upande wa pili. Kipimo chenyewe ni kidogo. Kwenye pikipiki ndogo kila upande huchukua chini ya robo lita.

Na inayotoka si kama iliyoingia. Iliingia nyekundu au rangi ya asali, inatoka ya kijivu au nyeusi, ina harufu ya samaki aliyelala, na ukiisugua kati ya vidole unahisi vumbi la chuma. Haikuungua kama ya injini. Imechoka kwa kusagwa kwenye vitundu mara mamilioni, imebeba unga wa bomba linalosuguana na bomba, na imekunywa unyevu uliopenya kwenye sili. Kadiri inavyochoka inazidi kuwa nyepesi, na shokapu inalegea polepole kiasi kwamba mwendeshaji haoni tofauti ya leo na jana. Hii ndiyo siri ya kusahauliwa kwake: oili ya injini ikiisha injini inapiga kelele, lakini ya shokapu inakufa kimya.

Je, ni oili gani? Swali hili limezua ubishi mwingi gerejini, na jibu la zamani lina kisa. Viwanda vya Japani, hasa Honda, viliandika kwenye vitabu vya miaka ya 1970 kwamba shokapu zijazwe oili ya giaboksi za magari yanayojibadilishia gia yenyewe, ile nyekundu inayojulikana kwa herufi ATF. Sababu ilikuwa ya maana: inapatikana kila mahali, ni nyepesi, haitoi povu ovyo, haibadiliki sana kati ya baridi na joto. Ila ATF ya Marekani ya miaka hiyo ilikuwa na kiungo kilichotoka baharini. Ilitiwa mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa kama nyumba, kwa sababu wakemia walikuwa hawajapata kingine cha kulainisha sahani za giaboksi vizuri kama hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikamweka nyangumi huyo kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, na watengeneza oili wakalazimika kubuni mbadala. Kwa hiyo mtu aliyejaza shokapu zake ATF ya Kimarekani mwaka 1968 alikuwa akiendesha juu ya nyangumi bila kujua.

Huku Afrika Mashariki pikipiki ilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1916, majeshi ya Jan Smuts yalipoivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani kutokea kaskazini, yalikuja na kikosi cha waendesha pikipiki wa Afrika Kusini, waliosukuma vyombo vyao kwenye tope labda sawa na walivyoviendesha. Baadaye pikipiki ikawa chombo cha wachache: afisa, mmisionari, bwana shamba, mfanyabiashara. Waswahili waliipa jina kutokana na mlio wake, pikipiki, na lingine kwa mlio huohuo uliosikiwa na sikio jingine, tukutuku.

Vyombo vingi vilivyopendwa havikuwa na oili ya kumwaga mbele. Vespa, iliyoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946 na ambayo Zanzibar imeifanya kama ya kwao, tairi lake la mbele linashikwa upande mmoja tu na shokapu moja fupi iliyozibwa. Honda Super Cub ya 1958, ile ya kukanyaga katikati kama baiskeli ya kike, ina mikono mifupi inayobembea chini ya foki ya bati. Soichiro Honda aliitaka iendeshwe na mtu yeyote, hata mpeleka tambi wa Tokyo mwenye mkono mmoja huru, na kufikia mwaka 2017 familia hiyo ya pikipiki ilishapita milioni 100. Mtu angeweza kuipanda Super Cub miaka 20 bila kusikia neno oili ya shokapu, na hakuwa mzembe.

Mabomba mawili yaliingia kwa wingi na pikipiki za kazi: Yamaha DT, Honda XL, na Yamaha AG100, ambayo herufi zake mbili zinamaanisha kilimo. Hizo zilinunuliwa na wizara, mashirika ya misaada, misheni na miradi ya chanjo. Zilikuwa imara, na kifo chake mara nyingi kilikuwa cha aibu. Mwandishi wa habari wa Uingereza, Barry Coleman, na mwanamichezo wa mbio za pikipiki wa Marekani, Randy Mamola, walipotembelea Somalia miaka ya 1980 walikuta pikipiki za miradi ya afya zimetelekezwa zikiwa bado changa, zimeuawa na kukosa matunzo madogo tu. Kutokana na safari hizo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo Coleman aliliasisi pamoja na mkewe Andrea na Mamola, na likafanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, Lesotho, Gambia na Kenya zikiwemo. Falsafa yao ilikuwa ngumu kuuzika kwa wafadhili kwa sababu haina picha nzuri: badilisha kifaa kabla hakijaharibika, badilisha oili kabla haijawa nyeusi, hata kama leo pikipiki inaenda vizuri. Kununua pikipiki mpya kuna sherehe ya kukata utepe. Kumwaga oili hakuna.

Honda kwa upande wao walilitazama tatizo hilohilo wakalijibu kwa njia nyingine. Walipounda CG125, iliyotoka mwaka 1976, walikuwa wamechunguza jinsi wateja wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki kwelikweli: mizigo kupita kiasi, vumbi, na matunzo yanayosubiri mpaka kitu kivunjike. Wakatengeneza injini ya fimbo za kusukuma vali, isiyo na mnyororo wa kukaza ndani, inayovumilia kusahauliwa. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo mamilioni ya mara. Huo ukawa ndio mwelekeo wa pikipiki za bei ndogo: mnunuzi akionekana hatatunza, muundaji anampunguzia vya kutunza.

Na skrubu ya kumwagia ikaanza kupotea.

Kiwandani ilikuwa hesabu tu. Skrubu mbili, washa mbili, matundu mawili ya kutoboa na kukata hesi, mara pikipiki milioni moja. Watu wachache wanaifungua, na isipokazwa vizuri inavuja kwenye breki. Ikaondolewa kwenye aina moja baada ya nyingine, hata kwenye pikipiki kubwa za bei mbaya. Tangu hapo, mwenye kutaka kubadilisha oili analazimika kutoa tairi, kutoa breki, kulegeza vibanio vya shingo, kuchomoa kila mguu wa shokapu na kuupindua kichwa chini. Kazi ya nusu saa ya mwenye pikipiki ikawa kazi ya nusu siku ya fundi. Mjadala wa uzembe wa waendeshaji ungekuwa wa haki zaidi kama ungeanzia kwenye skrubu hii.

Bodaboda ilizaliwa katikati ya mabadiliko hayo, ingawa baba yake ni baiskeli. Miaka ya 1960, mpakani Busia, vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, na mwito ukageuka jina. Miaka ya 1990 pikipiki zikachukua nafasi ya kanyagio mijini Uganda. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na soko likafumuka. Mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. SanLG na Toyo za Kichina, kisha Boxer na TVS za Kihindi, zikaenea mpaka vijijini ambako gari hupita siku ya gulio tu.

Kazi zilizopewa hazimo kwenye kitabu cha kiwanda. Mshikaki wa abiria watatu nyuma ya dereva, magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, kitanda cha futi tano kwa sita, mgonjwa aliyeegemezwa kifuani mwa nduguye. Uzito huo wote hukaa nyuma, kwa hiyo shokapu za nyuma ndizo zinazohurumiwa: huongezewa springi, huchomelewa, hubadilishwa. Za mbele hazilalamikiwi. Lakini dereva anapobana breki kwenye mteremko, mzigo wote huo unahamia mbele kwa mara moja na mabomba mawili membamba huzama mpaka chini. Oili ikiwa imechoka utasikia mlio wa chuma kugonga chuma, ko! Mafundi husema shokapu zinagonga, na dereva hujibu kwamba barabara ni mbovu. Wote wawili wanasema kweli.

Kinachomleta dereva gerejini mara nyingi huwa ni sili. Ni raba ya duara inayokaa mdomoni mwa bomba la chini na kuyafuta mafuta kila bomba la juu linapopita. Tope likikaukia kwenye bomba, kutu ikalitoboa vishimo, vishimo vinaikata sili kama jambia. Kwanza unaona mduara mwembamba wa mafuta, kisha vumbi linaganda juu yake, kisha oili inashuka kwenye breki. Hapo ndipo oili ya shokapu inapobadilishwa, kwa bahati, kwa kuwa imekwisha yenyewe.

Fundi mzuri ukimwangalia utajifunza. Analisugua bomba kwa msasa laini mpaka vishimo visichune kucha. Anaingiza sili mpya kwa kipande cha bomba la maji kinacholingana nayo, akigonga kwa kuzunguka ili isikae upande. Anamimina oili, analipandisha na kulishusha bomba mpaka mapovu yaishe, kisha anapima kina chake kwa kijiti pande zote mbili, kwa sababu shokapu mbili zenye oili tofauti huvuta pikipiki kama ng'ombe wawili wa jembe wasiopatana. Pungufu, inagonga. Ikizidi, hewa iliyobaki juu inabanwa mno na sili mpya inatapika siku ya kwanza. Fundi wa haraka hafanyi hayo. Anatia oili ya injini iliyobaki kwenye chupa, ya namba 40, nzito kama uji, anakadiria kwa jicho. Pikipiki inatoka ikiwa ngumu mbele, na dereva anafurahi kwa sababu haigongi tena. Namba 10 au 15, ambazo ndizo zinazotumika zaidi kwenye shokapu za kawaida, kwenye maduka mengi ya spea hazipo, na zikiwepo zina bei ya kumfanya mtu arudie oili ya injini.

Vitabu vingi hutaja kubadilisha kila baada ya kilomita 10,000 hadi 20,000. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufikisha 30,000. Kwa hesabu hiyo Boxer ya miaka mitatu ambayo sili zake hazijapata kuvuja imekula kilomita 90,000 kwa oili ileile iliyotiwa kiwandani India.

Tangu mwaka 2019 kampuni ya Ampersand imekuwa ikiingiza pikipiki za umeme kwenye barabara za Kigali, na nyingine za aina hiyo zinaonekana Nairobi na Kampala. Dereva hubadilishana betri kituoni akaendelea na safari. Hana petroli ya kununua, hana plagi, hana oili ya injini ya kumwaga kila baada ya wiki chache. Mbele, kila upande wa tairi, kuna bomba ndani ya bomba, springi, fimbo yenye vitundu, na chini ya robo lita ya oili.